Kopo la Dayodi Nzima

Kila asubuhi karakana yetu huamka kwa mpangilio uleule. Mimi hufagia vipande vya waya vilivyolala chini ya meza, huchomeka chuma cha kuchomea ili kipate moto, kisha huweka birika jikoni. Mjomba huwasha redio yake ya mbao, huvuta stuli hadi mlangoni penye mwanga, huweka makopo mawili miguuni, moja la nzima na moja la mbovu, na huanza kupima dayodi.

Dayodi hizo huwa tumezing'oa kwenye bodi za vifaa vilivyokwisha kazi. Ni vitu vidogo vyeusi, kila kimoja kina mguu wa waya huku na huku, na mstari wa fedha karibu na ncha moja. Kazi yake ni kuupitisha umeme upande mmoja na kuuzuia usirudi. Mjomba huigusa kwa sindano mbili za mita, nyekundu na nyeusi, halafu huzibadilisha na kuigusa tena. Mita ikilia piii, dayodi inakwenda kopo la mbovu. Mita ikinyamaza, inakwenda kopo la nzima. Piii. Kimya. Kimya. Piii. Birika linaanza kunguruma, redio inasoma habari za watu wa mbali, na mimi nasikia raha ambayo nitaona haya kumweleza mtu.

Siku hiyo sikuwahi hata kumimina chai.

"Hodi! Hodi jamani! Nipisheni!"

Mlango wetu huwa wazi, hakuna cha kupisha isipokuwa stuli ya Mjomba. Aliivuta pembeni, na mwanamke mnene mwenye kilemba kilichokaa upande akaingia kinyumenyume akiburuta mkokoteni. Juu ya mkokoteni kulikuwa na sanduku la mbao lenye kidirisha cha kioo, limefunikwa blanketi. Ni jirani yetu wa mtaa wa pili. Kila mtu anamwita Mama Vifaranga, na sidhani kama kuna anayejua jina lake jingine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Fundi, mashine imezima! Nimeamka, nikagusa kioo, baridi. Nikajigusa kifuani, nako baridi."

"Pole," Mjomba alisema. "Imezima yenyewe, au umeme ulikatika?"

"Ulikatika, halafu ukarudi kwa kishindo. Taa zote ziliwaka nyeupeee, mashine ikasema ta! Basi."

Alifunua blanketi. Ndani ya sanduku mayai yalikuwa yamepangwa kwenye trei, na katikati yake alikuwa amesokomeza chupa za maji ya moto alizozifunga kwa vitambaa. Aliinua kidole tunyamaze. Mjomba alipunguza redio. Kwanza sikusikia kitu. Kisha nikasikia sauti nyembamba, kama mlango wa mbali unaohitaji mafuta. Ikaja nyingine. Vifaranga walikuwa wanalia ndani ya mayai.

"Kesho ndiyo siku yao ya kutoka," alisema. "Kideri kilinifagilia banda zima, fundi, unajua. Hakikuniachia hata jogoo wa kuniamsha. Haya nimepewa na dada yangu, kuku wake ndio waliopona. Hana mengine ya kunipa. Haya yakipoa, mimi na kuku basi, nitafute jina jingine."

"Hutatafuta jina," Mjomba alisema. "Lete hapa juu ya meza. Bi Chuo, bisibisi."

Bi Chuo ni mimi. Ameniita hivyo tangu nilipomaliza masomo ya elektroniki na kuja kufanya kazi kwake. Nilimpa bisibisi, nikabadilisha maji ya chupa mbili kwa maji ya birika, na chai yetu ikaishia hapo.

Kisigino alikuwa ameshafika mlangoni. Ni fundi viatu wa barazani kwetu, kijana bado, ila anajifanya ameona mengi. Alikuwa na kiatu cha mtu mkononi na msumari mdomoni.

"Sasa si muunganishe taa zile za joto moja kwa moja na umeme?" aliuliza. "Ziwake tu, mayai yapate moto."

"Yataiva," alijibu Mjomba. "Unataka vifaranga, au unataka chumvi?"

"Nilishafanya hivyo mwaka juzi," alisema Mama Vifaranga. "Nilichemsha kundi zima. Usinikumbushe."

Mjomba alifungua kifuniko cha nyuma. Mle ndani kulikuwa na transfoma, kapasita nene ya kutuliza umeme iliyosimama kama pipa, dayodi nne, na bodi ndogo inayopima joto na kuwasha taa pale joto linaposhuka. Fyuzi ilikuwa imekatika, kioo chake kimekuwa cheusi. Lakini fyuzi haikatiki bure. Mjomba aliinamisha uso hadi pua ikakaribia kugusa vifaa, akavuta hewa.

"Hii hapa," alisema, na kidole chake kikatua juu ya dayodi iliyopasuka. "Umeme ulirudi na nguvu kuliko ilizozoea. Imeungua ndani, sasa inapitisha pande zote mbili. Ikifika hapo hakuna tena dayodi, kuna kipande cha waya."

Aliigusa kwa sindano za mita. Piii. Akabadilisha sindano. Piii.

"Nawe jirani yake," aliiambia ya pembeni, "umekaa na mgonjwa kitanda kimoja, siwezi kukuamini. Tunazitoa zote mbili. Bi Chuo, mstari wa fedha unaangalia wapi? Kapasita au transfoma?"

"Kapasita," nilinong'ona.

"Sema kwa sauti, mtihani huu hauna msimamizi."

"Kapasita, Mjomba. Zote mbili."

Kisigino alicheka. Nilihisi masikio yanapata moto. Maswali ya Mjomba yalikuwa yameongezeka miezi ya karibuni. Nisomee namba hii. Waya huu ni mwekundu au wa kahawia? Hapa pameandikwa nini? Nilikuwa nimehitimisha kwamba hakiamini cheti changu, na kila swali nilikuwa nalijibu kwa hofu ya mtu aliyesimamishwa mbele ya darasa.

Alichota dayodi mbili kutoka kopo la nzima. Alizipachika, mimi nikashika taa, naye akachomea kwa waya wa risasi, moshi mwembamba ukipanda usoni kwake. Fyuzi mpya ikaingia. Mama Vifaranga alikuwa amesimama nyuma yetu, anahama kutoka mguu huu hadi ule.

"Washa."

Niliwasha. Namba za joto zilitokea kwenye kioo, zikapotea, zikarudi zikitetemeka. Swichi ndogo iliyo kwenye bodi ikaanza kupiga, tikitikitikitiki, kama meno ya mtu mwenye homa. Taa za joto ziliwaka na kuzima, zikawaka na kuzima.

"Zima!" Mjomba alisema. "Kapasita hiyo. Imekauka."

Tulibadilisha kapasita. Nikawasha. Tikitikitikitiki.

"Fundi, wananyamaza," alisema Mama Vifaranga. Alikuwa ameweka sikio juu ya mayai. "Walikuwa wanne wanaolia. Sasa namsikia mmoja."

Mjomba alijifuta mikono kwenye suruali. Akaichukua mita, akaiweka, akaichukua tena. "Kutakuwa na waya umelegea," alisema, na akaanza kuvuta waya mmojammoja, pole, kama mtu anayepapasa swichi ya taa ukutani. Wakati wake wote unakwenda huko, niliwaza. Na mimi nilikuwa na neno kooni. Chuoni walitufundisha kwamba swichi inatetemeka hivyo umeme unapokuja nusunusu, na umeme unakuja nusunusu dayodi moja inapokuwa imekatika ndani. Lakini dayodi ametoa yeye kwenye kopo la nzima, kopo analolijaza kwa mikono yake kila asubuhi. Nani anamwambia mjomba wake, mbele ya mteja, kwamba kopo lake linasema uongo?

Chupa za maji zilikuwa zinapoa tena. Nilizijaza. Nilipokuwa narudi mezani nikajikuta nimesema, kwa sauti ndogo hata mimi sikuitambua, "Niinue mguu wa dayodi moja, Mjomba? Nipime tu."

"Nimezipima mwenyewe."

"Ndiyo. Nipime tu."

Kisha akasogea.

Dayodi ikiwa bado imechomewa pande zote, mita inaweza kudanganywa, maana umeme unapata njia nyingine kupitia vifaa vya jirani. Nilipasha moto mguu mmoja, nikauinua kwa koleo ukaning'inia hewani. Nikaichukua mita. Kitufe chake cha kuzungusha kilikuwa kwenye picha ya kengele. Nikakizungusha hadi kwenye alama ya dayodi, nikagusa. Dayodi nzima ingenipa namba ndogo upande mmoja, kama nusu ya volti hivi, na upande wa pili isinipe kitu. Hii haikunipa kitu upande wowote.

"Imekatika," nilisema.

"Haiwezekani."

"Imekatika ndani. Haipitishi popote."

"Basi iliharibika sasa hivi wakati nachomea. Moto ulizidi. Toa nyingine."

Nilichukua nyingine kopo lilelile, nikaipima, namba ikatoka upande mmoja tu kama inavyotakiwa. Nikaichomea. Tukawasha, na safari hii mambo yakatulia. Namba zilisimama. Swichi ikasema tik, mara moja tu, kwa adabu, na taa za joto zikawaka za manjano ndani ya sanduku. Mama Vifaranga alipiga vigelegele hadi Kisigino akadondosha kiatu.

Tukarudisha trei. Tukafunga kidirisha. Mjomba aliongeza sauti ya redio na kukaa juu ya stuli, na mimi nikaenda kutafuta vikombe.

"Mnajua," Kisigino alisema, sasa akiwa amejiachia kwenye kizingiti, "fundi wetu siku hizi ana heshima ya kupita kiasi. Juzi napita hapa na kofia yangu ya sherehe, kaniamkia shikamoo! Mimi! Nikasema leo nimezeeka rasmi. Nikaitikia marahaba."

Mama Vifaranga alicheka hadi akashika mbavu. "Na hukuona haya kuitikia?"

"Nione haya wakati mzee kanipa mwenyewe?"

"Nilikuwa nakutania," alisema Mjomba, na akacheka, ila kicheko chake kilichelewa na kilikuwa kikubwa kuliko mzaha wenyewe. "Nilisema nimpe ladha ya uzee, labda atatafuta mke."

Nilikuwa nacheka pia. Kisha nikaacha. Nilikuwa namtazama Mjomba akinyoosha mkono kuchukua kikombe nilichomwekea. Mkono ulitua kwanza mezani, ukatambaa, ukakutana na kikombe, ukakishika.

Harufu ilinifikia kabla ya sauti. Harufu ya kitu kinachoungua taratibu. Nikasema "Mjomba," na palepale mashine ikasema ta!, na taa za joto zikazimika.

Mama Vifaranga ndiye aliyesema kwanza, na hakupiga kelele, jambo lililonitisha zaidi.

"Fundi. Niambie kama huwezi. Niwapeleke kwingine wakiwa bado wanapumua."

"Kwingine ni mbali," Mjomba alisema. "Watapoa njiani. Subiri kidogo. Subiri." Vidole vyake vilikuwa vinatafuta bisibisi mahali ambapo haikuwapo.

Niliirudisha mikononi mwake, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kufungua kifuniko. Dayodi niliyoichomea ilikuwa imepasuka. Ile niliyoipima mwenyewe, nikaiona nzima kwa macho yangu. Nilichukua kopo la nzima, nikalimwaga lote juu ya kifuniko cha sufuria, nikaanza kupima moja baada ya nyingine kwa haraka. Hii imekatika. Hii nzima. Hii imekatika. Hii inaonekana nzima. Kisha nikafanya jambo ambalo mwalimu wetu mmoja alipenda kulifanya. Nikaweka mita kwenye kupima ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme, sindano zikiwa upande ule ambao umeme haupaswi kupita, na nikasogeza ncha ya chuma cha kuchomea karibu na mwili wa dayodi. Mwanzo mita haikuona kitu. Dayodi ilipoanza kupata moto, namba zikatokea. Zikashuka. Zikazidi kushuka. Ilikuwa inavuja. Ikiwa baridi na ikisukumwa na betri ndogo ya mita, ilionekana mwaminifu kabisa. Ikipewa kazi na joto, ilikuwa inaurudisha umeme kinyemela, na kadiri inavyourudisha ndivyo inavyozidi kupata moto, hadi inapasuka. Niliipasha moto nyingine. Nayo ikavuja.

Dayodi nzima hainyamazi, niliwaza. Ina namba ya kusema. Kwenye kengele, mita hulia tu pale umeme unapopita bila kizuizi. Iliyoungua italia. Lakini iliyokatika itanyamaza, inayovuja itanyamaza, na nzima nayo itanyamaza. Piii, kimya, kimya, piii. Nilikuwa nimeisikiliza kengele ile kila asubuhi na nikaifanya sehemu ya chai yangu, wala sikujiuliza kwa nini fundi wa miaka yote hii, aliyenifundisha kusoma mita kabla sijajua kuandika vizuri, anapima dayodi kwa kusikiliza.

Nilimtazama. Alikuwa ameinamia mashine, pua karibu na bodi, macho wazi kabisa na hayatazami kitu.

Sikuwa na muda wa kulia. Mama Vifaranga alikuwa ameyakumbatia mayai ndani ya blanketi, ameyaweka tumboni kama mjamzito, anayanong'oneza. Duka la vipuri liko upande wa pili wa mji. Nilitazama rafu zetu, bodi zilizokufa, spika, mikono ya feni. Kisha nikatazama redio.

Niliuvuta waya wake ukutani. Sauti ya mtangazaji ikakatika katikati ya neno.

Mjomba aliinua kichwa haraka. "Redio imekuwaje?"

"Nimeizima, Mjomba." Nilikuwa nimeshatoa skrubu mbili. "Naomba dayodi zake."

"Za redio yangu? Kwani kopo la nzima limekwisha?"

"Halijakwisha."

"Sasa?"

Wote watatu walikuwa wananitazama, au wawili walikuwa wananitazama na mmoja alikuwa ameelekeza uso kwenye sauti yangu. "Zimechanganyika," nilisema.

"Zimechanganyika vipi? Kopo lile mimi ndiye..."

"Nani kachanganya?" aliuliza Mama Vifaranga.

Redio ilikuwa kimya na birika lilikuwa kimya. Mkono wa Mjomba ulishika ukingo wa meza. Anaishi kwa mikono ile na jina lile. Mtaa mzima unapita hapa na kumwita fundi, na kama neno likitoka kwenye mlango huu kwamba fundi haoni, halitarudi.

"Mimi," nilisema.

"Wewe!" Mama Vifaranga alisimama na blanketi lake. "Mpaka sasa nahangaika na roho mkononi, kumbe binti kachanganya makopo? Ndicho mlichokwenda kusomea hicho?"

"Samahani, mama."

"Samahani haiangui mayai!"

"Bi Chuo nawe," Kisigino alisema kwa huzuni, "makopo mawili tu."

Niliinamisha kichwa ndani ya redio. Dayodi zake nne zilikuwa nene kidogo, za zamani, miguu imefifia rangi. Nilizing'oa. Nilipima kila moja, namba upande huu, hakuna kitu upande huu. Nilipasha moto kila moja kwa chuma na kuisubiri ivuje. Haikuvuja hata moja. Machozi yalikuwa yananichuruzika na sikuwa na mkono wa kuyafuta, kwa hiyo niliyaacha yafanye kazi yao na mimi nikafanya yangu.

Nilizitoa zote nne za mashine, hata zile ambazo hazikuwa na kosa, nikaanza kuchomea za redio. Mjomba alisogea karibu yangu. Mikono yake ilikuwa hewani, haijui itue wapi. Alifungua mdomo kuuliza, kisha akaufunga. Nikajua swali alilokuwa nalo.

"Mstari upande wa kapasita," nilisema, bila kuulizwa. Nikachomea. "Huu nao upande wa kapasita." Nikachomea. "Hizi mbili mistari inaangalia transfoma. Moja. Ya pili hii. Risasi imeshika vizuri, inang'aa. Fyuzi mpya naweka sasa."

Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mfululizo mbele ya watu. Mjomba alikuwa anatikisa kichwa kwa kila neno, taratibu, na nilipomaliza hakutania kuhusu mtihani wala msimamizi.

"Washa," alisema, kwa sauti ya chini.

Tik. Taa za joto ziliwaka. Namba zilisimama, kisha zikaanza kupanda moja baada ya nyingine, na nilizisoma kwa sauti zote. Tulisubiri. Niligusa kila dayodi kwa kidole. Zilikuwa na uvuguvugu, si moto. Tulisubiri tena. Kisigino alikuwa anajifanya anashona kiatu kilekile, sindano haijaingia popote. Hakuna harufu. Kila gari lililopita barabarani lilinifanya nishtuke.

Namba zilipofika pale Mama Vifaranga alipozoea kuziona, alirudisha mayai kwenye trei moja baada ya jingine, akafunga kidirisha, akabandika sikio juu ya ubao. Alikaa hivyo hadi shingo ikamtoka mishipa. Nilianza kuhesabu pumzi zangu na nikapotea njiani.

"Shh," alisema, ingawa hakuna aliyekuwa akisema.

Kisha hata mimi nilisikia. Ilikuwa dhaifu, ikakatika, ikarudi. Halafu nyingine ikajibu kutoka pembeni. Yai moja, lile la karibu na kioo, lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Mama Vifaranga alikaa chini palepale sakafuni, kilemba kikaanguka, akacheka na kulia kwa pamoja. Hajui wangapi watatoka, alisema, lakini hata wakitoka watatu anaanza nao. Kisigino alimwokotea kilemba. Mimi nilikuwa nakusanya dayodi zilizomwagika, nzima na mbovu na zinazovuja, nazitia zote kwenye kopo la mbovu.

Alipotulia, akanikumbuka.

"Na wewe binti," alisema akijifunga kilemba, "umshukuru Mungu. Wangekufa hawa, ningekaa mlangoni hapa nikiwaambia wateja wote. Fundi, nakwambia kama ndugu yangu, mtu wa namna hii mpe ufagio. Usimpe makopo."

"Mwache," alisema Mjomba.

"Simwachi. Leo ni mayai yangu, kesho ataunguza nyumba ya mtu."

"Nimesema mwache. Hakuchanganya yeye."

Niligeuka. "Mjomba, haina neno."

"Ina neno." Alikuwa amesimama karibu na redio yake iliyo wazi, kiganja juu ya ubao wake. "Makopo nayapanga mimi. Ikilia naitupa, ikinyamaza naiweka. Na zilizokatika nazo hunyamaza. Ninalijua hilo tangu huyu hajazaliwa. Nilikuwa namwomba Mungu zisiwe nyingi."

Kisigino aliweka kiatu chini.

"Sasa kwa nini husomi namba, fundi?" aliuliza Mama Vifaranga. Ukali ulikuwa umeshamtoka.

Mjomba alielekeza uso wake kwangu, ila ulitua pembeni kidogo, kwenye rafu iliyo karibu na bega langu. Nilihama hatua moja ili niwe pale alipokuwa ananitazama.

"Bi Chuo," alisema. "Kila nilipokwambia nisomee hiki, nisomee kile, ulidhani nakupa mtihani."

"Ndiyo, Mjomba."

"Haukuwa mtihani, mwanangu. Sioni. Nilikuwa nakuomba unisomee."